Ngazini Hapapumuliwi

Jumapili, 2 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo. Mama katuita sebuleni, mimi na wifi yangu, katukalisha kwenye kochi moja kama watoto waliopigana shuleni.

Mama ni mama mkwe wangu, lakini kabla hajawa mkwe alikuwa mwalimu wangu wa fluti, ile filimbi ya chuma inayopulizwa ubavuni. Nilienda kwake kujifunza muziki, nikaondoka na mwanawe, na hajaacha kunitania kwa hilo mpaka leo. Wifi yangu ni bintiye mkubwa. Alipuliza klarineti, ile zumari nyeusi, kwenye bendi ya magereza mpaka akastaafu, na hata sasa akienda dukani kununua chumvi anatembea kama anakagua gwaride. Nyumbani tunamwita Sajenti.

Mama hakupindisha maneno. "Masikio yangu yanaondoka," alisema. "Daktari kasema hayarudi, yatazidi kwenda tu, kidogo kidogo. Nimefundisha wanawake wawili wa nyumba hii kupuliza, na sijawahi kuwasikia wakipuliza pamoja hata siku moja. Shule niliyofundisha imenipa ukumbi mwezi Mei. Nataka mnipigie kabla sijafunga mlango. Wawili tu. Bila piano, bila visingizio."

Tukatazamana. Hatujawahi kupiga pamoja kwa sababu mimi namwona anapuliza kama anayefukuza ndege shambani, na yeye ananiona najisikia. Nadhani kila mmoja ana haki yake.

"Sawa, Mama," tulisema kwa pamoja, na Mama akacheka. "Haya, mmeshaanza."

Kilichobaki ni kuchagua tutapiga nini. Hiyo ni kazi ya siku mbili tatu.

Jumatano, 5 Machi

Mvua kutwa. Mimi ni fundi wa meno bandia, na leo meno ya juu ya mzee mmoja yamenigomea karakanani tangu asubuhi. Fluti sijaigusa.

Jumamosi, 8 Machi

Sajenti kaja na sanduku zima la karatasi za noti za muziki, la chuma, la kijeshi, limepakwa rangi ya kijani. Akalibwaga katikati ya sebule yangu, kikombe kikaruka mezani.

Mimi sikuhitaji sanduku. Niliweka karatasi moja tu kwenye stendi: Ngazi. Hilo si jina lake halisi, ni jina alilolibandika Mama tulipokuwa wanafunzi wake. Ni kipande cha fluti na klarineti. Katikati yake fluti inapanda kutoka noti ya chini kabisa hadi juu kabisa, hatua kwa hatua, na klarineti inabaki chini imeshikilia noti moja ndefu. Kanuni ya Mama ilikuwa moja, na aliisema akigonga sakafu kwa kisigino: "Ngazini hapapumuliwi! Pumua kabla hujapanda, au pumua ukifika juu. Ukipumua katikati unamwacha msikilizaji na mguu mmoja hewani."

Nimeingoja Ngazi miaka yote hii. Kwenye sehemu ile ya juu sina wa kunigusa, na sioni kwa nini nijifiche. Nikijifanya mnyenyekevu hapa kwenye daftari langu nitakuwa namdanganya nani?

Sajenti akaitazama, akaitoa kwenye stendi, akaigeuza kifudifudi.

"Hii hapana."

"Kwa nini?"

"Iko juu mno."

"Juu mno kwa nani? Wewe si unakaa chini na noti yako moja?"

"Wifi, hapana ni hapana."

Akanifungulia vipande vyake. Vyote chini. Vyote polepole. Fluti huko chini inasikika kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa. Nikajisemea moyoni, ahaa, kumbe. Anataka nizame ili yeye aelee.

Jumanne, 18 Machi

Nimempelekea kipande kingine chenye fluti ya juu. Amekataa tena. "Iko juu mno." Kama kasuku.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua imetufungia ndani kuanzia mchana, na hatukuwa na la kufanya ila kupiga. Nina donge, lakini lazima niandike nilichokiona.

Tulijaribu kipande kifupi chenye sehemu inayozidi kukua kwa nguvu. Tulianza vizuri, lakini tulivyozidi kupaza ndivyo tulivyozidi kusikika vibaya, mpaka mume wangu akachungulia kutoka chumbani kuuliza kama kuna paka amebanwa na mlango. Nikamgeukia Sajenti tayari kwa vita.

"Si mimi wala si wewe," alisema, ametulia kama maji ya mtungini. "Ni vyombo. Fluti ukiipaza, sauti inapanda. Klarineti nikiipaza, inashuka. Tukigombania nguvu tunaachana, wewe unaenda darini, mimi naenda shimoni."

"Sasa?"

"Sasa tusigombane."

Akafumba macho, akaanza tena, safari hii kwa sauti ndogo ambayo sikujua klarineti inayo. Ilitoka mahali ambapo hapakuwa na kitu. Sikusikia ilipoanza, nilishtukia tu ipo. Nikaingia juu yake na sauti zetu zikakaa pamoja, zimenyooka, kama meno yaliyopangwa na mtu anayejua kazi yake. Mwanamke huyu nimemjua maisha yangu yote ya ndoa na nilidhani anajua kelele tu.

Nikamwambia, "Kumbe unajua kunong'ona." Akaniambia, "Wifi, ukipiga miaka yote hiyo gerezani utajua. Watu wa mle hawahitaji kupigiwa makelele."

Kisha nikamwomba Ngazi. Akakataa.

Jumapili, 23 Machi

Sijui niandikeje.

Nilikwenda kumsalimia Mama baada ya mvua. Nilikuwa na fluti mkobani, na ukweli ni kwamba nilikwenda kushtaki. Nilitaka Mama aisikie Ngazi, aipende, halafu nione Sajenti atakataa na nani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja na chombo, basi una shida." Alikuwa ameketi karibu na dirisha, anakunja nguo zilizoanikwa ndani kwa ajili ya mvua. "Haya, piga."

Nikapiga. Nilivuta pumzi vizuri mahali panapotakiwa, nikaanza kupanda. Mama aligeuza uso kutazama nje, kichwa kinafuata taratibu, anatabasamu. Nikapita katikati. Nikaingia kule juu ambako nakupenda, na siongezi chumvi, sijawahi kupiga vile, kila noti ilikuwa imesimama wima.

Mama akageuka.

"Mbona umekatiza?"

Nilikuwa bado napiga. Midomo yangu ilikuwa kwenye fluti, vidole vinakimbia, pumzi inatoka, na Mama ananitazama anangoja jibu. Nilipiga noti mbili tatu zaidi kwa kuwa mwili ulishaanza safari na haukujua kusimama. Kisha nikashusha fluti.

"Nimesahau, Mama," nilisema. "Nimesahau mbele."

"Wewe? Usahau Ngazi?" Akaniangalia kitambo, akaviangalia vidole vyangu, kisha akachukua shuka na kuendelea kukunja. "Umezeeka," alisema.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Mvua imeninyeshea yote na sikufungua mwavuli.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeomba ruhusa kazini nikaenda moja kwa moja kwa Sajenti. Alikuwa jikoni, na aliponiona tu uso akazima jiko.

"Umempigia Ngazi," alisema.

"Ulijua?"

"Tangu mwaka jana. Lile birika lake linalopiga mluzi likichemka. Nilimkuta amekaa pembeni yake, linapiga mluzi mpaka mvuke umejaa jikoni, naye anasoma gazeti. Daktari alimwambia masikio yanaondoka. Hakumwambia kwamba huko juu yalishaondoka. Kwake yeye hakuna kilichopungua, kwa sababu asichokisikia hajui kama kipo."

"Na ulikuwa unakataa vipande vyangu..."

"Vingekuwa vinapigiwa kuta."

Niliketi kwenye kigoda. Nilikuwa na hasira na aibu na sikujua nianze na ipi. "Kwa nini hukuniambia, wifi? Siku zote hizi nakusema vibaya! Nimekusema hadi kwa mume wangu!"

"Najua. Ameniambia."

"Msaliti huyo."

"Kaka yangu huyo, kabla hajawa mumeo." Akanimiminia maji ya kunywa. "Ningekuambia ungepigaje? Fluti huwezi kuipuliza huku unalia, midomo inacheza. Nikaona afadhali unichukie mimi kwa miezi miwili, Mama apate siku yake. Kuchukiwa nimezoea, nilikuwa sajenti."

Nilimtazama mwanamke huyu mrefu, aproni imepinda, mikono imejaa unga, na nikaona haya kwa kila neno nililoliandika juu yake humu. Nilimkumbatia mpaka akaniambia nimwachie, anakosa pumzi, na pumzi anaihitaji kwa kazi.

Jumamosi, 5 Aprili

Tumefanya ujasusi. Tulikwenda kwa Mama tukajifanya tunalinganisha vyombo, yeye anakunja nguo. Mimi nilipanda noti moja moja, Sajenti akaitazama mikono ya Mama. Mama hukunja akifuata mdundo bila kujua. Nilipofika noti fulani, mikono ikapotea njia, shati likabaki hewani. Sajenti akakohoa kunipa ishara. Nikashuka, mikono ikarudi kazini.

Sasa tunajua ukuta uko wapi. Uko chini kuliko nilivyotumaini. Zaidi ya nusu ya fluti yangu iko upande wa pili.

Tumechagua vipande vitatu, vyote chini ya ukuta. Ngazi tumeirudisha sandukuni. Nilijifunga kibwebwe nikasema haidhuru, na yalikuwa maneno ya mdomoni tu, ila niliyasema.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimekaa kumtazama Sajenti akifanya kazi, na nataka iandikwe mahali. Fluti huko chini haina nguvu, na klarineti ikihema tu imeshaifunika. Basi amechukua ule ulimi wa mwanzi unaokaa mdomoni mwa klarineti yake na kuukwangua kwa kipande cha kioo, mkwaruzo mmoja, anaujaribu, mkwaruzo mwingine, anaujaribu. Anaharibu mmoja anachukua mwingine. Hanung'uniki. Anatafuta wenye sauti nyembamba itakayoniachia nafasi. Mtu aliyekuwa anasikika uwanja mzima anafanya kazi ili asisikike.

"Unajipunguza sana," nilimwambia.

"Sijipunguzi. Nakupisha."

Paa la karakana linavuja. Nimeweka ndoo chini ya meno ya watu.

Jumapili, 13 Aprili

Mama ameomba kuona tumechagua nini. Yeye husoma noti kama wengine wanavyosoma gazeti, anapitisha jicho tu na kuguna. Aliguna kwenye cha kwanza. Aliguna kwenye cha pili. Cha tatu hakukifungua.

"Nani kafa?" aliuliza.

Nikajifanya natafuta kitu mkobani.

"Nauliza, nani kafa? Zote chini, zote polepole, zote zinavuta miguu. Mmenipikia chakula cha mgonjwa." Aliupiga mkono wa kiti. "Ngazi iko wapi?"

Sajenti akaanza, "Mama, tuliona..."

"Hamkuona, mimi ndiye niliyeona! Mkamwana, siku ile hukusahau. Niliposema umekatiza, vidole vyako vilikuwa bado vinapanda, na kifua kilikuwa bado kinatoa pumzi. Nina masikio mabovu, sina macho mabovu. Ulipoondoka nilichemsha birika nikaketi nalikodolea macho. Mvuke ulitoka. Mluzi sikuusikia." Akazikusanya zile karatasi mapajani. "Nililia siku mbili. Nikamaliza. Kisha mkaja na ule mchezo wenu wa kikohozi, nikanyamaza nione mtafika wapi. Mmefanya ujinga, ila ujinga wenyewe ni wa mapenzi, kwa hiyo sitawachapa."

Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia. Sajenti alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni.

"Pigeni viwili vya chini, ni vizuri, nitavifurahia. Lakini mtamaliza na Ngazi. Nitaisikia mpaka pale masikio yatakapofikia. Kuanzia hapo nitaipiga mwenyewe kichwani, maana imo, mimi ndiye niliyeiweka kwenu. Na nitakuwa nakutazama, mkamwana. Kosa lolote nitaliona."

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe," alimwambia bintiye, "hiyo noti yako ndefu ni ya chini, hiyo nitaisikia mwanzo mpaka mwisho. Ndiyo ngazi yangu ya kushikia. Usiniachie."

Kwenye ngazi ya nje Sajenti aliketi akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya msiba wa baba yake. Nikaketi naye mvua ikitulowesha magoti.

Jumatano, 23 Aprili

Ngazi haipandi. Kila nikifika kwenye ukuta, mahali ambapo masikio ya Mama yanaishia, pumzi inanikatika, napumua. Mahali palepale kila mara. Mimi niliyekuwa najidai!

Jumamosi, 3 Mei

Bado. Leo nilitupa karatasi chini nikasema tuiache. Sajenti akaiokota, akaifuta vumbi kwa kiganja.

"Sikiliza, wifi. Pumzi ikikukatika, iache ikatike. Mimi nitakuwepo. Noti yangu siiachi hata roho itoke. Hakuna atakayejua kama umesimama, wataona ngazi inaendelea."

"Mama atajua."

"Mama hasikii hapo."

"Kasema ataona."

"Basi hilo ni lako na yeye," alisema. "Tuanze tena."

Ijumaa, 9 Mei

Kesho. Wanasema mvua zimekwisha. Mawingu hayajaambiwa.

Jumapili, 11 Mei

Ilikuwa jana, kwenye ukumbi wa shule aliyofundisha Mama, paa la bati, madirisha marefu. Watu walijaa, wengi wao wanafunzi wa zamani wa Mama, wengine wana mvi nyingi kuliko yeye. Mama aliketi mstari wa mbele, mume wangu kando yake. Mume wangu alivaa shati alilopiga pasi mwenyewe, likiwa na mkunjo mmoja mkubwa mgongoni.

Vipande viwili vya chini vilikwenda salama. Zaidi ya salama. Sajenti alipuliza kwa namna ambayo fluti yangu dhaifu ilisikika hadi mlangoni, na nilipomtupia jicho nikaona jasho linavyomtiririka. Kunyamaza kiasi kile ni kazi kuliko kupiga kelele. Mama alifumba macho vipande vyote viwili na kichwa chake kilifuata kila kitu. Vile alivisikia vyote, sauti zote mbili. Hata kama tungeishia hapo ingetosha.

Kisha mvua ikashuka. Bati likanguruma, hakuna kilichosikika. Tukashusha vyombo tukangoja, watu wakangoja. Ikapungua, ikapungua zaidi, yakabaki manyunyu yanayochachatika juu ya bati, na tukawa tunangoja nayo yaishe.

Mama akasimama.

"Imeshakatika!" alisema kwa sauti ya darasani. "Mnasubiri nini?"

Ukumbi mzima ukacheka, wakadhani ni utani wa mwalimu. Mimi na Sajenti hatukucheka. Juu yetu manyunyu yalikuwa yanasikika kabisa.

Tukaanza Ngazi na manyunyu yake.

Nilivuta pumzi chini, pale panapotakiwa, nikapanda. Sajenti akaiweka noti yake, pana na nyeusi, nikahisi nakanyaga kitu kigumu. Safari hii Mama hakufumba macho. Alinitazama. Mikono yake ilikuwa mapajani, na vidole vyake vilikuwa vinapiga fluti ambayo hakuishika, sambamba na vyangu, kila kidole mahali pake. Nikafika ukutani. Nilijua hapa ndipo sauti yangu inamzimikia. Vidole vyake havikusita. Viliendelea kupanda, na uso wake ukawa uso wa mtu anayesikia.

Hapo pumzi ikanikatika.

Ilikuwa nukta tu. Nilivuta hewa, nikaendelea. Na katika nukta ile Sajenti, ambaye alikuwa ameshika noti ile moja muda wote na uso umemwiva, aliikuza kidogo, akalijaza lile pengo lote, nami nikatua juu ya sauti yake bila kuanguka. Hata mume wangu anayejifanya ana sikio hakugundua. Tulifika juu. Nilipiga noti ya mwisho, ile ya juu kabisa, nikaishikilia mpaka ikaisha yenyewe.

Watu walisimama. Walipiga makofi, wakapiga miguu sakafuni. Mwalimu mkuu wa sasa alikuja kutushika mikono, akasema hajawahi kusikia fluti ikipanda vile, moja kwa moja, bila kukatika hata mahali pamoja. Nikamwambia asante, nikamwonyesha Sajenti kwa kidevu, hakuelewa.

Mama alingoja mpaka watu wakapungua. Akaja polepole, akamshika bintiye mashavu kwa mikono miwili, akamwambia, "Hukuniachia." Sajenti akapiga saluti, akashindwa kuishusha, kaka yake akamshusha mkono.

Kisha Mama akanigeukia mimi. Alinitazama kwa lile jicho lililokuwa linanitetemesha nilipokuwa mwanafunzi, nikasimama wima bila kutaka.

"Ulipumua ngazini," alisema.

Nilikuwa nacheka na kulia vyote pamoja.

"Usinichekee. Kesho jioni uje na chombo, tutairudia."